Mstari Uliopauka

Katika mtaa wetu wa Kasongo, Amisa hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa Mwagamaji. Mikeka yake ilinunuliwa hadi Kabambare, na hata huko watu waliulizia mikeka ya Mwagamaji.

Jina hilo lilianza utotoni, alipokuwa mtumishi nyumbani kwa mama yake jirani yetu Moustapha. Sebuleni palitandikwa zulia la Kiajemi, ambalo babu yao alilileta kutoka Ujiji kabla Wabelgiji hawajafika. Lilikuwa la sufu nene, jekundu kama tofali, na nyota kubwa katikati. Maua yake hayakuwa na mviringo hata kidogo. Yote yalikwenda pembe pembe, kana kwamba yamekatwa kwa kisu. Siku moja bibi mwenye nyumba akaona upande mmoja wekundu umepauka. Nani hubeba maji humu ndani? Amisa. Akachapwa, akakatazwa kulikanyaga zulia, na jina likamganda kama ulimbo. Mtoto wa watu, nani angemtetea? Roho inaniuma mpaka leo.

Bibi yule akafa, Amisa akazeeka. Wakati ule wa kulimishwa pamba kwa nguvu, Moustapha alikuwa anamwoza binti yake, na bibi arusi wa nyumba ile sharti aketi juu ya zulia. Walipolikunjua, pembe moja imeliwa na mchwa. Nani wa kuiziba? Mwagamaji, bila shaka! Shida ikibisha hodi, watu husahau walichokataza.

Amisa akachemsha unga mwekundu wa mti wa ngula, akatia nyuzi za rafia, akaanza kufunga mafundo. Rangi ya chungu cha kwanza ikaisha kabla kiraka hakijakamilika. Akachemsha chungu cha pili, nacho kikatoa wekundu hafifu. Akatazama kazi yake: nusu imekolea, nusu imepauka, zimekutana kwenye mstari mmoja. Akaligeuza zulia, akaufuata kwa kidole ule mpauko wa zamani. Ulianzia kwenye safu moja ya mafundo, ukanyooka toka ukingo hadi ukingo, nyuma sawa na mbele.

"Moustapha! Kuya uone," akaita huku analia. "Maji inaweza kwenda mustari hivi? Huyu fundi wa zulia rangi ilimuishia, sawa vile imeniishia mimi. Nilipigwa bule!"

Moustapha akainama, akapapasa mafundo. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee.

"Ni kweli, mama," akasema. "Lakini mama yangu alishakufa. Tufanye nini sasa?"

"Yeye alikufa. Mimi niko muzima. Uniite jina yangu."

Siku ya arusi ua ulijaa. Bibi arusi alipokwisha kuketishwa, Moustapha akasimama mbele ya watu, akapaza sauti kuelekea jikoni, ambako yule mama wa mikeka alikuwa akichambua mchele.

"Amisa! Mama yetu Amisa, kuya ukae huku, ku zulia."

Wageni wengi waligeuka kutazama huyo Amisa ni nani.