Mbwa Wangu Alimpeleka Mjukuu Wangu Kaburini

Niwieni radhi kwa kimya changu kirefu. Mliponiomba kisa chote, nilianza kuandika mara kadhaa nikafuta. Tafadhali lificheni jina langu, kwani mimi ni mzee wa kanisa.

Nina umri wa miaka sabini na mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na ninaishi peke yangu kijijini karibu na Matinyani. Mke wangu alipofariki tulimzika hapa nyumbani, nyuma ya ghala. Mbuzi wake niliwauza, sikuweza kuwatazama. Mwanangu alipoona ninazidi kunyamaza, aliniletea mbwa aliyeokolewa Nairobi, wa jamii ile ya kuchunga kondoo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amemfungia ghorofani mpaka akawa mwoga. Sufuria ikianguka, alijikojolea. Asipotetemeka, aliizunguka nyumba mbio bila kuchoka. Kwa kuwa hapakuwa na mifugo, alituchunga sisi. Akina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi, aliwasukuma wote kwenye pembe moja ya ua.

"Mwalimu," mmoja akasema akicheka, "mbwa wako ametutia zizini. Sasa tungoje kukamuliwa?"

Nikampa jina Kiranja.

Jambo moja tu lilimtuliza. Kila jioni nilikwenda kaburini kumweleza mke wangu habari za siku. Hakuna aliyejua. Kanisani tunafundisha kwamba kuzungumza na wafu ni machukizo, na mimi ni mmoja wa wanaofundisha. Nikitoka nyumbani kwenda huko nilisema, "Haya, Mwende, naja." Kiranja alilishika jina hilo la mke wangu. Akilisikia, alipita nyuma yangu, akanisukuma kwa pua mpaka kaburini, kisha akalala, ametulia kabisa.

Mjukuu wangu naye anaitwa Mwende. Kwa desturi yetu Wakamba amepewa jina la nyanya yake, nami kwa utani humwita mke wangu. Mwezi uliopita wazazi wake walimleta. Aliposhuka garini nilinyoosha mikono. "Mwende! Njoo, mke wangu!"

Kiranja akainuka. Akapita nyuma ya mtoto, akamsukuma polepole, bila kubweka, bila kuuma. Mtoto alicheka njia nzima. Nilijua anakopelekwa, nikaanza kuwafuata. Mkaza mwanangu ndiye aliyepiga kelele: "Baba! Hiyo mbwa inapeleka mtoto wapi?"

Tulipowafikia, Kiranja alikuwa amelala, na mtoto ameketi juu ya saruji, jina lake limeandikwa msalabani nyuma ya kichwa chake.

Waliondoka siku hiyo hiyo. "Kuna kitu huyo mbwa ameona," mkaza mwanangu alisema. "Akibaki huyo mbwa, Mwende hakanyagi hapa tena." Mwanangu amekwisha kuzungumza na daktari wa mifugo wa mji wa Kabati aje amchome sindano ya kufa.

Nikieleza ukweli, mbwa atapona, lakini kanisa litajua ninakokwenda jioni. Nikinyamaza, atakufa kwa sababu alinitii. Tangu siku ile sijalitamka jina hilo. Jua likishuka, Kiranja huja akaketi mbele yangu, akanitazama mdomo, akingoja.

Wenzangu mnaosoma, mngekuwa mimi mngesema au mngenyamaza? Nipeni neno kabla daktari hajaja. Nikishaamua nitawaandikia, niwe bado mzee wa kanisa au la.