Nilimwombea Mume Wangu Jumuiyani, Mgambo Wakamfuata

Samahani admin, nanyi mtakaosoma, kwa kukawia. Tangu masika naandika nafuta, mtoto akilia naacha. Naomba mnifichie jina. Nina miaka 26, watoto wawili, tunalima mpunga kijiji kimoja karibu na Ifakara. Sisi ni Wakatoliki.

Mume wangu anatumia unga. Alianzia mjini akiendesha bodaboda. Hauzi, hajawahi kunipiga. Kila akijaribu kuacha, arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, inamrudisha.

Kwenye jumuiya yetu ya kanisa tunasali nyumba kwa nyumba, na mwishoni kila mtu anataja nia yake. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti, "Namwombea Baba Neema, Mungu amtoe kwenye unga." Wote wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Wiki ile ile mgambo wakaja wanamuulizia. Akatoroka kwa mlango wa nyuma, na mpaka leo amejificha kwenye dungu, kile kibanda cha shambani tunachokaa kufukuza ndege, ng'ambo ya mto upande wa Lupiro.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima. Nikampa shikamoo, nikamwambia anayetumia tu atibiwe, asifungwe.

"Marahaba mwanangu. Mimi ndiye niliyewaambia mgambo," akasema. "Unga ni dhambi. Serikali ikiacha kuwafunga, vijana watajua ni ruhusa. Mwanangu nimemzika kwa huo huo unga. Wa kwako bora afungwe, utamwona."

Nikamuaga. Nikaenda kwa paroko.

"Baba, Kanisa linasemaje?"

"Unga unaua mwili na roho, sitakuambia ni halali. Ila mgonjwa ni mgonjwa, gereza halimtibu."

"Basi nimlete?"

"Mlete, nitakwenda naye hospitali. Lakini kwamba hawatamkamata njiani, hilo sina uwezo nalo."

Nilimpelekea mume wangu chakula nikamweleza. Alikuwa anatetemeka, ametapika mpaka nyongo. Akacheka. "Mama Neema, nenda kaniombee tena, ila safari hii kimoyomoyo." Kisha akaniomba nimtafutie japo kidogo. Nikamwambia unga sikuletei, hata ulie. Akalia. Nikamfuta uso, nikamlisha uji, na sikumletea.

Mimi pia naamini ni dhambi, na sitaki uuzwe kama sukari dukani. Nataka tu asifungwe kwa kuugua. Sijui kama Mkatoliki anaruhusiwa kushika yote mawili. Nikimtoa, watamkamata. Nikimwacha, naona atafia kule.

Nishaurini ndugu zangu, nimtoe au nimwache? Na kwa atakayeguswa kutuma kitu kupitia admin, nguo za watoto tumeshapata. Bado nahitaji chandarua kidogo cha kutundika dunguni, paketi za ile chumvi ya mtu aliyeishiwa maji mwilini, na namba ya mtu aliyejipeleka mwenyewe kutibiwa unga akarudi kwake bila kufungwa. Hata mmoja. Huku kwetu nimeuliza, sijampata.