Bashi Niliyoitoa Lusangi

Mimi si mtu wa hadithi. Kazi yangu ni kulehemu vyuma hapa Kasongo, na wanaonijua watakwambia nina mdomo mkali na sipendi upuuzi. Mtu akiniletea habari za mizimu namwuliza kama ameleta na baiskeli ya kutengeneza, la sivyo anipishe. Basi ukinisikia mimi nasimulia jambo hili, ujue limenishinda. Na usidhani ilikuwa usiku. Ilikuwa saa sita ya mchana, jua juu ya utosi, nimekula vizuri, sijaonja hata tone la pombe ya lutuku.

Yote yalianza na karavani. Unaijua? Ni kale kanyumba ka magurudumu mawili kanakokokotwa nyuma ya gari, ndani kuna kitanda, meza na jiko, mtu anasafiri na nyumba yake kama konokono. Ilikuwa ya injeniere mmoja wa barabara, mgeni. Alipokuwa akitoka Kabambare, ekseli ikakatika kwenye daraja bovu, wakaivuta mpaka kwangu. Chuma cha kubadilisha kilibidi kiagizwe mbali. Akaniambia, "Nitunzie mpaka kiangazi. Nikiikuta kavu, utakuwa fundi wangu barabara nzima." Nani angekataa? Tukaisukuma mpaka kwenye kona ya parseli yetu, kiwanja cha nyumbani, karibu na ua wa matete, na kwa wiki nzima watoto wa mtaa wakawa wanakuja kuichungulia dirishani.

Lakini paa lake lilikuwa linavuja, na mvua za kwetu unazijua. Kwanza niliifunika na turubai, likaigusa mwili mzima. Kosa. Siku nilipofungua mlango, harufu ya ukungu ikanipiga usoni. Kitu kama kile kinataka kivuli kilicho juu yake, hewa ipite katikati. Nikafikiria manyasi. Manyasi ni rahisi na yana ubaridi, lakini mimi nafanya kazi ya cheche, cheche moja tu na parseli yote inakwenda. Mabati nayo ni ghali, na Mama mwenyewe analala chini ya manyasi. Niliwekee gari la mgeni mabati wakati mama yangu anavujiwa? Watu wangenicheka mpaka Wamaza. Ikabaki bashi, ndivyo tunavyoliita turubai huku: miti sita, bashi kubwa juu yake, upande mmoja uinuke ili maji yateremke. Nikasema hiyo hiyo.

Hapa lazima nikueleze habari ya Mama, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Tulizaliwa wawili. Mkubwa wangu, yaya Anselmi, aliondoka kwenda kutafuta dhahabu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Namkumbuka mgongo tu, akishuka njia na kifurushi cha mihogo ambacho Mama alimfungia. Miaka kumi na minne, hakuna barua, hakuna simu, hakuna mtu aliyesema nimemwona. Mimi nilikwisha kukata tamaa. Nilimwambia Mama mara nyingi: tufanye matanga, tulie, tumalize. Mama alikuwa na jibu moja. "Mimi silii mutoto ambaye sijaambiwa amekufa. Akija akute ninamulilia, nitamwambia nini?" Na kila siku anapopika anaacha bugali kidogo ndani ya sahani yenye mfuniko. Asubuhi anawapa kuku. Nisikufiche, jambo lile lilikuwa linaniudhi. Tuligombana juu ya sahani hiyo kuliko juu ya kitu kingine chochote.

Sasa, siku moja niliitwa Lusangi kulehemu mashine ya kusagia mawe. Wakati wa kurudi, nikapita kambi ya wachimbaji iliyohamwa. Dhahabu ilikuwa imetokea upande mwingine, watu wote wamekimbilia huko, vibanda vimebaki mifupa. Katikati kulikuwa na bashi moja kubwa ya buluu, imefungwa vizuri juu ya miti iliyonyooka, na chini yake hakuna mtu. Pembeni alikaa mwuza tumbaku, peke yake. Nikamwuliza bashi ni ya nani. Akasema, "Ilikuwa ya matanga. Muchimbaji mumoja. Wenzake walikaa siku mbili, wakasikia habari ya dhahabu, wakaenda."

"Hawakuyaondoa?"

"Hawakuyaondoa."

Kwetu mtu akifa tunafunga bashi uani, waombolezaji wakae kivulini. Siku zikitimia ndugu wanakutana, wanalia mara ya mwisho, wanafungua kamba. Hiyo ndiyo kuondoa matanga. Bashi isipofunguliwa kwa kilio, wazee wanasema marehemu bado ameketi chini yake anangoja watu wake. Nilijua hayo yote. Mtoto wa Maniema gani asiyeyajua? Lakini mimi niliona miti sita iliyonyooka na bashi nzima, isipokuwa kona moja yenye kiraka cha kitenge cha kijani, kina picha za jogoo wa manjano. Nikakitumia kiraka hicho kupunguza bei. "Hii imepasuka," nikamwambia, "nitakulehemia fremu ya baiskeli yako, tumalizane." Akakubali upesi mno. Nilipomwambia anisaidie kufungua kamba, akarudi nyuma. "Fungua wewe mwenyewe." Nikafungua, nikipiga mluzi. Nakwambia kweli, nilikuwa napiga mluzi.

Asubuhi iliyofuata ikasimama juu ya karavani, nzuri kabisa. Mama alipotoka jikoni akaiona kwa mbali, akasimama. "Umejenga matanga kwangu."

"Ni kivuli cha gari, Mama."

"Bomoa."

"Kiangazi."

Mama akawa anapitia njia ya nyuma ya jiko akienda shamba na akirudi, ili asiitazame. Kumbe hakuwa peke yake. Watu waliopita njiani walivua kofia. Jirani yetu Mama Zabibu aliingia na kuni kichwani, kama tunavyofanya kwa waliofiwa, macho yamekwisha kulowa. "Pole, mutoto wangu. Nani ametutoka?" Nikamwambia aliyetutoka ni ekseli. Hakucheka. Akatazama bashi, akazirudisha kuni zake kwao, na mimi nikabaki nacheka peke yangu.

Siku ya tatu ndiyo ile. Mama yuko shamba. Nilitoka kula, nikaja kuendelea na kazi. Chini ya bashi, kwenye benchi langu, ameketi mtu.

Alinipa mgongo, ameelekea mlango wa karavani. Ametapakaa tope jekundu tangu nywele mpaka nyayo, na lile tope lilikuwa bichi, linadondoka. Mvua ilikuwa haijanyesha siku mbili. Udongo wa parseli yetu ulikuwa umekauka. Hilo nililiona, lakini akili haikulishika, nikadhani ni mchimbaji ametoka njiani anatafuta kivuli. Nikamsalimu kwa heshima, kama tunavyomsalimu mwanamume yeyote aliyetuzidi. "Jambo, yaya. Unatafuta nani?"

Hakugeuka. Sauti yake ilitoka nzito, ya mtu mwenye kitu kooni. "Wamefika?"

"Nani?"

"Watu yangu."

Basi nikachoka. Siku tatu watu wananipa pole, na sasa huyu amekuja kabisa kukaa. "Hapa hakuna matanga," nikasema. "Bashi ni ya gari hii. Hakuna aliyekufa."

Kisha akauliza, "Mama iko wapi?"

Kwetu kila mwenye nyumba mwanamke ni Mama, sikushangaa. "Iko shambani."

"Nitamungoja."

Sikiliza nilichomjibu. Ningeweza kukuficha, lakini nikikuficha hadithi hii ina faida gani? Nilimwambia, "Hutangoja hapa. Unachafua benchi langu. Nyinyi watu wa migodi mukikosa dhahabu munageuka ombaomba. Toka, enda ungojee kwenu." Akasema, polepole, "Nipe maji kwanza." Nikamwambia mto uko kule chini, umejaa maji. Na kwa kuwa hakuinuka, nikamshika bega nimwinue.

Mkono wangu haukukuta bega. Uliingia kwenye tope, baridi, mpaka kwenye kifundo, na ndani yake hamkuwa na mfupa. Niliutoa. Yeye akainuka mwenyewe, akasema, "Basi nimesikia," akazunguka nyuma ya karavani.

Nikazunguka. Nyuma ya karavani ni ua wa matete, umefungwa hata kuku hapiti. Hakuna mtu. Hakuna alama ya mguu. Nikarudi kwenye benchi, tope liko pale pale, jekundu, na mkono wangu mwekundu mpaka kwenye kifundo. Nikaketi chini. Utaniambia niliota? Mwenye ndoto anaamka na tope?

Haikupita saa moja, Mama akatokea. Siku hiyo alipita njia ya mbele, jembe begani. Mpaka leo sijamwuliza kwa nini. Akaniona chini, akaona mkono wangu, akaona benchi. Kisha, kwa mara ya kwanza, akainua macho akaitazama ile bashi. Akaitazama muda mrefu. Akapanda juu ya benchi, juu ya lile tope, akakishika kiraka cha kona kwa vidole viwili.

"Hii kitenge ni yangu," akasema. "Nilimufungia Anselmi mihogo."

Akaniuliza nimeitoa wapi, nikamwambia. Bashi ya matanga, Lusangi, mchimbaji, hawakuyaondoa. Kila neno nililolitoa nililiona likimfikia usoni. Akashuka kwenye benchi, akaketi. Hakupiga kelele. Akauliza, "Na nani alikuwa hapa?"

"Mtu mmoja. Ana tope. Aliuliza Mama iko wapi, akasema atakungoja."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

Miaka kumi na minne Mama alimngoja. Yaya alitaka kumngoja saa moja tu, na mimi nikamfukuza. Mama alinitazama, na nilijua swali gani linakuja, maana mama wa Maniema hana swali lingine juu ya mgeni.

"Ulimupa maji?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Alikunywa?"

"Alikunywa. Akashukuru."

Hapo ndipo akalia. Majirani walikuja bila kuitwa, na Mama Zabibu alirudi na zile kuni zake, safari hii akazitua. Tuliisukuma karavani nje, kwenye mvua iliyoanza jioni ile ile, tukakaa chini ya bashi siku zote zinazotakiwa. Siku ya mwisho tulilia, nami nikafungua kamba kwa mkono wangu, bila mluzi. Mama alikata kile kiraka akakiweka ndani ya Biblia yake. Sahani ya bugali hakuiweka tena.

Baadaye nilirudi Lusangi. Mwuza tumbaku aliniambia shimo lilimwangukia yaya mvua za kwanza zilipoanza, na hawakuweza kumtoa. Kambini walimwita Kimya, jina la kwao hakuna aliyelijua, na bashi ile ndiyo ilikuwa hema yake. "Alikuwa anasema ataenda kuona mama yake," akaniambia, "na mudogo wake mwenye mdomo mukali, kama amekwisha kuwa mutu muzima." Nilipanda pikipiki nikaondoka bila kuaga.

Injeniere alikuja kiangazi, akakuta sakafu ya karavani imevimba, akaivuta akaenda zake na fundi mwingine. Sikumlaumu. Leo watu wakiniuliza wahifadhi vipi gari au karavani nyumbani bila gharama kubwa, nawaambia miti sita na bashi inatosha, lakini uulize kwanza ilitoka wapi, na kama ilifunguliwa kwa kilio. Na mtu akiketi uani kwako, hata awe amelowa tope, usianze na neno toka. Anza na maji. Mengine yatafuata.

Mama bado yuko. Kila mgeni akija anamsimulia habari ya Anselmi, na anapofika mwisho ananinyooshea kidole, anasema, "Lakini mudogo wake alimupa maji." Wananitazama kwa wema. Mimi nainuka, nasema nina kazi.

Kila siku saa sita naweka kikombe cha maji kwenye lile benchi. Jioni nakikuta kimejaa.