Sefu ya Gerejini na Karatasi ya Kizuka

Mwanangu, nakumbuka siku niliyoleta sefu nyumbani, ingawa ningependa kuisahau.

Nilikuwa nimeoa juzi tu, nina gereji isiyo na gari. Baba alipofariki, ndugu zangu walinikabidhi karatasi ya shamba letu la michikichi, kule Kizuka. Bila karatasi ile, jirani yetu wa shamba, mpenda kusogeza mpaka, angetumaliza. Nikaona kuificha chini ya godoro ni ushamba. Nikanunua sefu, nikaapa hata kuku wa mtaani wasijue.

Kumbe sefu ina uzito wa ng'ombe. Nikaita wabebaji sita wa mapipa ya mawese, na hao hawanyanyui kitu bila wimbo, na wimbo lazima utaje mzigo na mwenyewe. Niliwaomba wanyamaze.

"Tukinyamaza mugongo inavunjika," akasema mkubwa wao. "Wewe fungua mulango, sisi tuimbe."

Wakaimba kutoka barabara kuu, sefu wakiiita kofre: kofre ya chuma, kofre ya Saidi, ndani iko nini? Wanawake wa sokoni wakaitikia. Fundi alipokuwa akitoboa sakafu ili aifunge kwa bolti, nusu ya mji wetu wa Rumonge ilikuwa gerejini ikimwelekeza.

Kesho yake akaja mwalimu na diploma yake.

"Amahoro, Saidi. Uniwekee hii, kwangu iko mchwa."

Niliona haya kukataa. Akafuata mvuvi na hati ya boti, kisha mjane na meno ya dhahabu ya marehemu mumewe. Wiki haikuisha, sefu ikajaa. Nikatoa karatasi yangu, kwa muda tu, ili meno yapate nafasi.

Siku ya tatu tangu niitoe, kaka yangu akafika kwa pikipiki kutoka Kizuka. Akasema jirani amesogeza mpaka tena, wazee waamuzi wanatungoja shambani alasiri hiyo, na asiye na karatasi ameshindwa. Nikafungua sefu kwa mbwembwe. Meno yakatuchekea. Karatasi hakuna; nilisahau kuirudisha.

Shangazi Zena, tuliyekuwa tukiishi naye, alikuwa mlangoni akimenya mihogo.

"Mnatafuta ile iliyoachwa juu ya pipa la gerejini?" Akaichomoa kiunoni, chini ya kitenge. "Siku tatu ninangoja mwenyewe aniulize. Umelinda meno ya mufu, mutoto wangu, na shamba la ndugu zako umewaachia panya."

Tukawahi kwa wazee na karatasi, na mpaka ukarudi mahali pake. Kaka hakunisemesha hadi mavuno.

Basi mwanangu, ukiweka sefu gerejini, nunua ile mtakayoibeba wewe na mwenzako, kimya kimya, na mtu mmoja wa nyumbani ajue kilichomo. Amana ya ndugu zako iingie kwanza, isitoke kumpisha mtu. Wengine waambie hapana mapema, wakiwa bado mlangoni. Watanuna siku mbili, watapona. Mungu akufanye mtu wa kuaminiwa, na akupe ulimi mwepesi wa kukataa bila kuumiza.