Kinasa sauti kilichonisengenya Katogota

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Redio moja ya Uvira, inayoninunulia habari mojamoja, ilikuwa imenipa nafasi ya mwisho. Nikapanda pikipiki hadi Katogota kumhoji Mama Furaha, mkuu wa wakulima wa mpunga ambao mfereji wao umebomoka. Alinikawiza kwa saa tatu juani, nami nikawa nafoka tu mbele ya motari, dereva wa pikipiki aliyenileta.

Alipofika, nilibonyeza kinasa sauti bila kutazama taa. Mjinga mimi! Kilikuwa kinanasa tangu nilipokijaribu nikimsubiri. Hapo ndipo nilipokizima bila kujua. Mama akaeleza yote, hadi machozi yakamtoka.

Nikaaga. Wakulima wakanizunguka: "Tusikilize kwanza, mwandishi!" Kule huondoki na sauti ya mtu kabla mwenyewe hajaisikia. Nikafungulia kwa majivuno.

Ikatoka sauti yangu, nikimwambia motari: "Huyu mama anajiona gavana, na mupunga wenyewe iko imeoza!"

Mama Furaha akafuta macho.

"Ya weye tumeisikia, mutoto wangu," akasema, akijigusa kifua. "Ya minye iko wapi?"