Gunia la Michembe ya Bibi

Miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa zahanati huko Songwa, na nilijiona daktari kamili. Siku moja nilichemsha mkojo wa Bibi, mama mzaa baba, kwenye dawa ya buluu ya kupimia sukari, ukageuka rangi ya chungwa. Kisukari! Nikampiga marufuku kula michembe, vile viazi vitamu vikavu alivyovipenda kuliko wajukuu, na gunia zima nikalibeba kwangu asije akashawishika.

Mwezi mzima alinilalamikia kwa utani wetu: "Mume wangu, utaniua njaa." Mimi huku naichemsha michembe, naila na karanga.

Daktari wa wilaya alipokuja akampima sukari kwenye damu, ikawa ya kawaida. "Bibi haumwi," alisema mbele ya benchi zima la wagonjwa. "Kwenye figo kuna protini zinazorudisha sukari kwenye damu. Zake zina kasoro ya kuzaliwa, basi sukari nyingine inatoka na mkojo. Haidhuru, ila hurithiwa. Hebu tupime na wako."

Wangu ukawa wa rangi ya chungwa kuliko wa Bibi.

Bibi akauangalia, akaniangalia. "Pole, mume wangu," akasema. "Kwa ugonjwa huo, michembe marufuku. Lete gunia langu, kama limebaki na kitu."