Ndugu Yetu wa Suma

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, Mwanangu, nilipotoka hapa Kinyala na mwavuli wa kuazima nikashuka hadi kanisa la zamani kutafuta jina la baba yake babu. Nilikuwa msichana mbichi bado, na sikuwa peke yangu. Nilikuwa na Ambakisye, kijana wa Suma, ambaye nilitaka anioe kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Usinitazame hivyo. Hata mimi niliwahi kuwa msichana.

Nakueleza haya kwa sababu ya hiyo simu yako. Umetema mate kwenye kichupa huko Dar es Salaam, yakapelekwa ng'ambo, na sasa wamekuletea majibu ya vinasaba kwamba una ndugu wa mbali, kijana anaitwa Lusekelo, kwao Suma. Amekuandikia anaomba kuja kutusalimia. Nawe umefunga safari yote hii kuja kuniuliza, "Bibi, huyu ana nia gani? Asije akawa anataka shamba." Nilicheka, lakini nilisikitika pia. Huyo Lusekelo namjua. Ni mjukuu wa Ambakisye. Sogea karibu na moto nikusimulie.

Mimi nilikuwa nachuma chai, Ambakisye alikuwa anapima majani kituoni. Wenzangu walisema kikapu changu kinakuwa kizito kila anaposhika mizani yeye. Waongo wale, ingawa si sana.

Kwetu, kama unavyojua, ng'ombe wa mahari hawatoki zizini mpaka wazee waulizane koo. Watu wakikutana kwa baba wa babu hawaoani, hata wapendane vipi. Baba yangu aliposikia kijana ni wa nyumba gani, alikunja uso. Kuna jambo aliwahi kulisikia utotoni kuhusu watu wale wa Suma, lakini halikumjia vizuri. Akasema tungoje. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi yetu yalikuwa yameshaanza kuuma. Tukaamua kwenda wenyewe kuangalia kitabu cha ubatizo.

Mzee wa kanisa alitufungulia kitabu kikubwa, kurasa zake zimeliwa na mende pembeni. Babu yangu yumo, pamoja na jina la baba yake. Babu yake Ambakisye naye yumo, na baba yake ameandikwa jina jingine kabisa. Tulitazamana. Yule mzee alitaka kutueleza jambo kuhusu majina ya watu wa kale, lakini nani alikuwa na masikio? Kipendacho roho hula nyama mbichi. Tulimshukuru tukatoka mbio kwenye mvua, na njia nzima tulikuwa tunawapa majina watoto ambao hatujawazaa. Sijawahi kufurahi vile tena, na nasema hivyo ingawa babu yako alikuwa mume mwema.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi, maganda anawatupia ng'ombe. Nikamwambia tumeshinda.

"Mmemshinda nani?" akauliza, bila kuacha kumenya.

"Kitabu kinasema babu zetu wana baba wawili tofauti, Shangazi."

"Gwe mwana," akasema, "ulikwenda kutafuta ukoo, au ulikwenda kutafuta ruhusa?"

Akanieleza taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Zamani, mwenye mji akifa, mdogo wake alirithi nyumba, ng'ombe, wajane, na jina lenyewe la marehemu. Tangu siku ya matanga watu walimwita kwa jina la kaka yake, lile lake wakaliacha. Baba wa babu yangu alirithi hivyo. Mwanawe mmoja, ambaye ndiye babu yangu, alibatizwa kabla ya urithi, na baba akaandikwa kwa jina lake la kwanza. Mwana mwingine, wa mama mwingine, alibatizwa baadaye, na baba yule yule akaandikwa kwa jina la pili. Huyo wa pili alihamia Suma na mama yake kutafuta ardhi, akamzaa baba yake Ambakisye. Kitabu hakikusema uongo, Mwanangu. Kiliandika kilichoambiwa siku ile.

Nikamwambia Shangazi kwamba angenyamaza tu, hakuna ambaye angejua. Ndipo alipoweka kisu chini.

"Mimi ningejua," akasema. "Na kila mtoto wako akiugua, ningekuwa najua."

Kesho yake nilimweleza Ambakisye pale kituoni. Akaipangusa mizani iliyokuwa safi tayari. Kisha akasema, "Basi nenda salama, dada." Neno hilo liliniuma kuliko tusi. Nilikwenda kulia kwenye migomba mpaka kamasi zikaisha, na nilimchukia shangazi yangu kwa msimu mzima wa chai. Baadaye nikaolewa na babu yako, hapa hapa Kinyala.

Miaka ikapita. Baba akafariki wakati wa mvua kubwa, na siku ya maziko nikamwona mtu anapanda kilima katika ukungu, anaswaga ng'ombe. Alikuwa Ambakisye, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe. Alikabidhi ng'ombe kwa kaka zangu. Pale kaburini mchungaji alipoita watoto wa marehemu waje waweke udongo, naye akasogea mbele pamoja nasi. Watu wakaanza kunong'onezana, huyu ni nani? Shangazi, mzee kwelikweli wakati huo, akasimama na mkongojo wake akasema kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo:

"Huyo ni mtoto wetu. Mwacheni amzike baba yake."

Nililia, Mwanangu. Nilimwendea Ambakisye nikamshika mkono wenye tope, nikamshukuru kwa lugha yetu, "Ndaga, kaka." Hilo neno kaka lilitoka lenyewe, wala halikuniuma. Kuanzia hapo hakuna msiba wala harusi ya kwetu aliyokosa kuja. Tulipomzika yeye mwaka jana, niliitwa kuweka udongo pamoja na dada zake. Wewe ulisema una kazi nyingi, hukuja, na ndiyo maana humjui mjukuu wake.

Sasa nasaha yangu ndiyo hii. Tafuta ukoo wako. Soma vitabu vya makanisa, tembelea makaburi, na hayo mate yenu nayo ni mazuri, maana damu haibadilishi jina. Lakini waulize wazee tungali na meno ya kutamkia, kuuliza si ujinga. Na kabla hujauliza, utazame moyo wako unataka kuambiwa nini. Mimi nilitaka ruhusa, nikaona ruhusa. Wewe unaogopa mwizi, na ukiendelea hivyo utamwona mwizi kwa kila ndugu atakayekupigia hodi. Jifya moja haliinjiki chungu. Shamba unaloliogopea hutalilima peke yako, wala huwezi kujibeba mwenyewe kwenda kaburini. Mwandikie kijana aje Jumamosi, mwambie Bibi atapika ndizi kwa maziwa.

Nami nakuombea, mjukuu wangu. Mungu akupe umri mrefu na moyo usio na woga. Akuonyeshe walio wako ungali na nguvu za kuwafuata, na akujalie watu wengi, wa kucheka nawe na wa kukuzika.